Shingo Ikikaza Ndipo Tusafiri: Mwongozo wa Safari za Kwanza na Mtoto Chini ya Mwaka

Simu huanza kupigwa mtoto akiwa na wiki chache tu. Bibi yuko Marangu, babu mwingine yuko Mbeya, shangazi yuko Mwanza, na wote wana swali moja: "Mjukuu tutamwona lini?" Ni swali la upendo na linastahili jibu zuri. Shida ni kwamba wengi wetu tunalijibu kwa kuangalia likizo ya kazini, nauli na tarehe ya Krismasi, tunasahau kumwangalia mwenye safari. Mtoto wa miezi miwili, wa miezi mitano na wa miezi tisa ni wasafiri watatu tofauti kabisa. Kinachomfaa mmoja kinaweza kumwumiza mwingine, au kumchosha mama mpaka akaapa hasafiri tena.

Kwa hiyo hapa tutaanza na mwili wa mtoto: shingo, tumbo, kukaa, kutambaa. Ukijua yuko hatua gani, maswali ya chombo gani upande, siti ipi na mkoba uwe na nini yanajibika kwa urahisi. Mfano wangu mkubwa ni njia ya Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, kilomita zaidi ya 500, kwa sababu ndiyo njia ya familia nyingi kila Desemba. Anayekwenda Njombe, Kigoma au Unguja atabadilisha majina ya vituo tu.

Kwanza, soma hatua za mtoto wako

Usimpime mtoto kwa mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi za Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Yalionyesha upana mkubwa sana. Kukaa bila kushikiliwa kulianzia karibu miezi 4 na kufika miezi 9. Kutambaa kwa mikono na magoti kulikuwa kati ya miezi 5 na 13 na nusu. Kutembea bila msaada kulianzia miezi 8 kwa wepesi na kufika miezi 17 na nusu kwa wengine. Na watoto kama 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka hatua hiyo na wakatembea vizuri tu.

Hatua ambazo mimi ningeziangalia kwa ajili ya safari ni hizi nne.

Shingo. Mweke mtoto begani, kiganja chako kikiwa tayari nyuma ya kichwa lakini bila kumgusa, kisha tembea naye chumbani taratibu. Kichwa kikibaki imara, akakigeuza kutafuta sauti bila kudondoka mbele au nyuma, shingo imekaza. Wengi hufika hapo kati ya miezi 3 na 4. Hii ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote, kwa sababu matuta ya barabarani yanaitikisa shingo kabla ya kitu kingine chochote.

Tumbo. Je, bado ananyonya tu, au ameanza uji? Kabla ya miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, hata maji hahitaji, hata kwenye joto la Mombo kule Tanga. Akishaanza kula, mizigo inaongezeka na hatari ya kuharisha pia.

Kukaa. Mtoto anayekaa mwenyewe mapajani anachoka taratibu na anafurahia kuchungulia dirishani. Mikono ya mbebaji inapumzika.

Kutambaa na kusimama dede. Hapa mapajani hapakaliki tena.

Mtoto aliyezaliwa njiti hesabu hatua zake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, isipokuwa chanjo, ambazo huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa kweli. Na kama ameshafika miezi 3 hajawahi kumtabasamia mtu, miezi 4 shingo bado inalegea, hashtuki kwa sauti, anatumia mkono mmoja tu siku zote, amefika miezi 9 hajaweza kukaa hata kidogo, au ameacha kufanya jambo aliloliweza, safari ya kwanza iwe ya kwenda kliniki.

Pili, chagua wakati

*Tangu kuzaliwa mpaka arobaini.* Wazee wetu walimweka mama mzazi ndani siku 40, na ningependa tuushike utaratibu huo kwa nguvu zote. Mtoto wa umri huu hana kinga ya kutosha, homa kwake ni dharura, na kitovu bado kinapona. Mama naye ana yake: wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua damu huganda kirahisi zaidi, na kukaa kwenye siti saa 10 miguu ikining'inia kunaongeza hatari ya bonge la damu kwenye mguu. Aliyejifungua kwa upasuaji atasikia kila tuta kwenye mshono. Bibi akiwa na hamu sana, apande basi yeye. Kuna wanaolazimika, kwa mfano aliyejifungulia hospitali ya rufaa mbali na kwao. Huyo aombe ruhusa na maelezo kwa mkunga, asafiri mchana, avunje safari katikati ikiwezekana, na kila kituo ashuke atembee.

*Wiki ya 6 mpaka miezi 3.* Safari fupi ni sawa: Kibaha, Bagamoyo, Morogoro kwa treni. Subiri kwanza chanjo za wiki ya 6, kwa sababu ndizo zinazoanza kumkinga na kifaduro na nimonia, magonjwa yanayopenda vyumba vyenye wageni wengi.

*Miezi 4 mpaka 6.* Kama unaweza kuchagua, chagua hapa. Shingo imekaza, chanjo za wiki ya 14 zimekamilika, chakula chake unatembea nacho kifuani, hajaanza kutambaa, na bado anamchekea kila mtu anayemnyanyua. Bibi atapata mjukuu anayecheka, na wewe utapata usingizi. Wanaojifungua Juni au Julai Desemba inawakuta hapa hapa.

*Miezi 6 mpaka 8.* Safari nzuri pia, ila sasa kuna kijiko, bakuli na chupa ya chai ya kubebea uji.

*Miezi 8 mpaka 12.* Huu ndio umri mgumu, na ni vizuri ujue mapema usije ukadhani mtoto amerogwa au amelishwa kitu. Anataka sakafu, na sakafu ya basi si mahali pake. Zaidi ya hapo, katika umri huu watoto wengi huanza kuogopa nyuso wasizozijua. Bibi aliyemngoja mwaka mzima anamnyooshea mikono, mtoto anapiga yowe. Ni dalili kwamba akili inakua na sasa anawatofautisha watu wake na wageni. Wiki chache kabla ya safari mpigie bibi simu ya video kila siku, mtoto aizoee sauti na uso wake. Mkifika, bibi asimnyang'anye. Akae karibu, azungumze na wewe, amwache mtoto amfuate mwenyewe. Mara nyingi jioni hiyo hiyo watakuwa marafiki.

Tatu, kadi ya kliniki na karatasi

Kadi ya kliniki ya mtoto ni ya kwanza kuingia mkobani. Ratiba ya Tanzania ni hivi: akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, halafu wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 chanjo ya surua na rubela, ambayo hurudiwa miezi 18. Matone ya vitamini A huanza miezi 6. Tarehe ikiangukia mkiwa safarini, usiiruke. Nenda zahanati iliyo karibu na bibi ukiwa na kadi. Chanjo za ratiba hazilipiwi, na nesi ataandika pale pale mlipoishia. Aliyechelewa haanzi upya, anaendelea.

Usipange kusafiri siku ya chanjo wala kesho yake. Watoto wengi hupata homa kidogo na kulialia siku moja au mbili, na ukiwa njiani hutajua kama ni sindano au ni ugonjwa umeanza.

Cheti cha kuzaliwa kifuatilie mapema. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ina mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, na anayejifungua leo hana sababu ya kungoja mtoto aanze shule. Kwenye ndege utaombwa kuthibitisha umri, kwa kuwa nauli ya mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa ni ndogo. Na mkivuka mpaka, iwe Namanga, Holili au Mutukula, mtoto anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria. Kuandikwa kwenye pasi ya mama hakupo tena. Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe barua ya ridhaa ya mwenzake na nakala ya kitambulisho chake. Kuhusu homa ya manjano, mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, hivyo uliza mapema masharti ya nchi unayokwenda, na kama anafikisha umri wa kuchanjwa, kumbuka cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Nne, mkoba

Uwe na mikoba miwili: mkubwa wa kwenda buti, na mdogo usiotoka miguuni pako. Chochote utakachokihitaji kabla ya kufika kiwe kwenye mdogo. Panga hivi, kuanzia chini kwenda juu, ili cha haraka kiwe juu:

- nguo pea tatu za mtoto na blauzi moja ya mama, kila pea imefungwa kwenye mfuko wake;
- pampasi: hesabu moja kwa kila saa 2 au 3, kisha ongeza tatu;
- khanga mbili, moja ya kumbebea na nyingine ya kutandika, kufunika au kujistiri;
- mifuko mitupu ya kutosha ya nepi chafu;
- sabuni ya kipande na chupa ya maji ya kunawa mikono, kwa sababu vitambaa vya maji havitoi kinyesi kwenye kucha;
- pakiti mbili za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini mtoto akiharisha), kipimajoto, na paracetamol ya maji yenye dozi iliyoandikwa na mhudumu wa afya kwa uzito wa mtoto wako;
- kadi ya kliniki kwenye bahasha ya plastiki.

Kofia na soksi zitakaa kwenye mkoba mdogo pia hata kama Dar kunawaka moto, maana mtakakofikia si Dar. Chandarua chenye dawa kiweke kwenye mkoba mkubwa. Usitegemee cha ugenini. Mara nyingi kimetoboka au kinatumika na wengine.

Kitu kimoja kisiingie mkobani: dawa ya kumlaza. Kuna wanaompa mtoto dawa ya mafua au ya kichefuchefu "alale njia nzima". Dawa hizo zinaweza kuzubaza pumzi ya mtoto mdogo, naye akafa akidhaniwa amelala. Hata kama aliyekushauri ni mtu mzima unayemheshimu, mshukuru na usiitumie.

Tano, chombo na siti

*Basi.* Kata tiketi mapema ili uchague siti ya katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Nyuma kabisa kunarusha, mbele kabisa kuna hatari zaidi mkigonga. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua linapiga upande wa kulia. Mchana ukishapinda linahamia kushoto, na kati ya Mombo na Same ndipo joto linapouma. Basi la alfajiri linakuvusha sehemu kubwa ya njia kabla ya joto hilo. Fika stendi ya Magufuli mapema, kwa sababu kukimbia na mtoto mgongoni katikati ya wapiga debe si mwanzo mzuri wa siku.

Mkanda wa siti ufunge mwili wako peke yako, mtoto awe nje ya mkanda kifuani mwako. Ukiwafunga wote wawili, gari likikata breki uzito wako wote unambana yeye. Mbeleko iliyofungwa vizuri kifuani ni bora kuliko mikono mitupu, maana utasinzia. Uso wake uonekane muda wote, kidevu kisigande kifuani, pua isizamishwe kwenye nguo, magoti yakae juu kidogo kuliko makalio na miguu itanuke kama anavyokaa kiunoni. Mgongoni abebwe akiwa ameshakaza shingo, na ukikaa kwenye siti umhamishie mbele.

*Treni.* Tangu mwaka 2024, SGR, yaani reli mpya ya kisasa, inafika Morogoro na Dodoma, na kwa mtoto naona hakuna chombo cha nchi kavu kinachoishinda. Haina matuta, choo kipo, unaweza kusimama na kutembea naye, na Dar mpaka Dodoma ni kama saa 3 na nusu hadi 4. Anayekwenda Singida, Tabora au Mwanza anaweza kupanda treni mpaka Dodoma, akalala, kisha akaendelea na basi kesho yake. Ndani kuna baridi ya kiyoyozi. Khanga ya pili itafanya kazi hapo.

*Boti ya Unguja.* Safari ni kama saa 2. Kipindi cha kusi, hasa Juni mpaka Agosti, bahari inachafuka. Februari na Machi mara nyingi imetulia. Watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kusumbuliwa na bahari, mama ndiye atakayetapika, na mama anayetapika hawezi kumshika mtoto. Kaeni chini, katikati au nyuma ya boti, mwende watu wazima wawili, na kabla boti haijang'oa nanga mwombe mhudumu jaketi la kuokolea la ukubwa wa mtoto.

*Ndege.* Dar mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama saa 1. Mnyonyeshe wakati wa kupaa na hasa ndege inapoanza kushuka, maana kumeza ndiko kunakozibua masikio. Kama amelala fofofo usimwamshe. Kila shirika lina umri wake wa chini wa kumpokea mtoto mchanga, uliza kabla ya kulipa.

*Gari la nyumbani.* Kama mna gari, nunueni kiti cha mtoto, hata kilichotumika mradi hakijawahi kupata ajali na mikanda yake ni mizima. Kifungwe siti ya nyuma, mtoto akitazama nyuma ya gari. Kisiwekwe mbele palipo na mfuko wa hewa. Kila saa 2 simameni, mtoeni, mlazeni chali anyooke. Na bodaboda si chombo cha mtoto wa umri huu, hata kwa kipande cha kutoka barabara kuu mpaka kwa bibi. Mtafute bajaji au mtembee.

Sita, njiani

Dakika za kituo cha chakula zina hila yake. Tuseme ni Korogwe na konda ametangaza dakika 20. Baba ashuke kwanza na mtoto, amtandikie khanga mahali pakavu penye kivuli, abadilishe nepi na kumpunga hewa mgongoni. Mama aende msalani, anawe, ale chakula cha moto, anywe maji mengi. Anayenyonyesha kwenye joto anahitaji maji kuliko mtoto. Zikibaki dakika 7 au 8 mama anyonyeshe akiwa ametulia pale chini kabla ya kupanda, kisha amcheulishe. Mtoto aliyepanda basi akiwa mkavu, ameshiba na amebeua, analala mpaka Same. Mama aliye peke yake anyonyeshe kwanza basi linapopunguza mwendo kuingia stendi, kisha amwombe mama wa siti ya jirani amshikie wakati anakwenda msalani. Wamama wa kwenye basi hawakatai.

Basi likisimama porini watu wakachimbe dawa, bakini ndani kama mtoto amelala, ila mama asimame na kukunja magoti. Kunyonyesha basi likitembea hakuna ubaya pale lami inapokuwa laini. Kwenye matuta mwachishe kidogo asipaliwe.

Kwa anayekula, matunda yenye ganda lake ndiyo salama: ndizi mbivu na parachichi, unaponda kwa kijiko ulichotoka nacho nyumbani. Uji wa moto kwenye chupa ya chai unakwenda vizuri. Ukishamiminwa kwenye bakuli, unaobaki unamwagwa. Supu, mishikaki na juisi za dirishani ni za watu wazima. Maziwa ya kopo yakishakorogwa yasikae zaidi ya saa 2, hivyo beba unga mkavu uliopimwa na maji yaliyochemshwa, uchanganye pale pale.

Saba, mkifika kwa bibi

Siku mbili za kwanza mtoto atalala ovyo na kunyonya mara nyingi. Mwache. Mlio wa ng'ombe, giza la shamba, harufu ya moshi, vyote ni vipya. Ratiba itarudi yenyewe.

Baridi ya Marangu, Lushoto, Njombe au Mbeya, hasa Juni na Julai, inahitaji nguo nyepesi za tabaka, si blanketi moja zito. Mguse shingoni kwa nyuma: ikiwa na jasho, punguza nguo, mikono na miguu huwa baridi hata kwa mtoto aliye sawa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mnamolala. Kila msimu wa baridi kuna familia zinazolala na jiko na haziamki, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala haionekani. Pasheni chumba moto milango ikiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtoto hajaingia.

Alale chali, chini ya chandarua, hata usingizi wa mchana. Mtoto wa chini ya miezi 2 asipakwe dawa ya mbu, na moshi wa dawa ya mbu usiwe chumbani kwake.

Sasa suala la vidole na vijiko. Bibi atataka kumwonjesha uji, maji ya sukari au asali. Asali isiguse mdomo wa mtoto kabla ya mwaka 1. Inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake mpaka ya kupumulia. Kukataa kuna namna yake. Usimwambie mkweo kwamba mambo yake ni ya kizamani. Baba wa mtoto aseme na mama yake mwenyewe, faraghani, siku ya kwanza: "Mama, kliniki wametuagiza mpaka miezi 6 ni ziwa tu, na tumeahidi. Tunaomba utusaidie kulilinda hili, wageni wakija wakusikie wewe." Bibi aliyepewa ulinzi huwa mkali kuliko mama mwenyewe. Kazi zake nyingine mwachie kwa moyo wote: kumwogesha, kumwimbia, kumkanda kwa mafuta, kumpa jina la ukoo. Mwenye kikohozi au mafua asimbusu, amwone kwa mbali, na kila anayempakata anawe mikono.

Mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache, mtu akiwa pembeni yake. Baada ya siku nzima ya kupakatwa, shingo na mabega yanahitaji kazi hiyo. Wengi hugeuka kwa mara ya kwanza ugenini kwa sababu hatimaye wamepata mkeka mpana na watu wa kuwatazama. Ndiyo maana asiachwe juu ya kitanda hata sekunde moja. Bado hajui kwamba anaweza kugeuka, na wewe pia hujui.

Nane, akiugua

Uliza siku ya kwanza: zahanati iko wapi, usiku kuna nani, gari ya kukodi ni ya nani na namba yake. Usingoje mpaka saa 8 usiku.

Mpeleke mara moja, bila kujaribu dawa ya nyumbani, akiwa na lolote kati ya haya: hawezi au anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, kifua kinabonyea ndani akipumua, au homa yoyote akiwa chini ya miezi 3. Pumzi zihesabu dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 mpaka mwaka, 50 au zaidi.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mara nyingi zaidi. ORS pakiti moja huchanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, mara nyingi lita 1, si kikombe. Anapewa kwa kijiko, na yanayobaki baada ya saa 24 yanamwagwa. Ongeza vidonge vya zinki: nusu ya kidonge cha miligramu 20 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, kidonge kizima akiwa zaidi ya hapo, siku 10 hata kama ameacha kuharisha. Utosi ukibonyea, macho yakizama au akikaa muda mrefu bila kukojoa, ondokeni kwenda kituoni, ORS ikiendelea njiani.

Tisa, mkirudi

Mpe siku mbili tatu za utulivu bila wageni. Angalia kadi tarehe inayofuata. Kwa wiki kadhaa baada ya kurudi, homa yoyote ichukuliwe kwamba inaweza kuwa malaria, hasa kama mlipitia au kulala Kanda ya Ziwa, Kigoma, Lindi, Mtwara au ukanda wa Tanga. Apimwe damu siku hiyo hiyo, na ukiingia chumba cha daktari mtajie kwanza mlikolala na tarehe mliyorudi, kwa sababu daktari wa Dar anayemwona mtoto wa Dar hatajua hilo usipomwambia.